Nyasi za Eldoret na Meno ya Ng'ombe

Siku chache baada ya uwanja wa nyasi za Kikuyu kufyekwa, asubuhi kabla jua halijakaza, weupe mwembamba hutanda juu ya kijani. Mpita njia hudhani ni umande uliochelewa kukauka. Akiinama ataona nyuzi, nyembamba kuliko nywele, zimesimama kutoka kwenye mashina mafupi yaliyoachwa na fyekeo, na kila uzi umebeba kijifuko cha chavua kwenye ncha yake. Hilo ndilo ua la nyasi hizi, au tuseme ni ile sehemu yake inayokubali kuonekana. Ua lenyewe limejificha ndani ya ala ya jani, chini kabisa karibu na udongo, na huko huko ndiko mbegu hukomaa. Kufikia adhuhuri nyuzi zimenyauka na uwanja umerudia kijani chake. Nyasi zikiachwa zikue hadi magotini hazichanui hivyo. Huchanua vizuri zikiwa zimekatwa, zikakatwa tena, zikabanwa karibu na ardhi.

Tabia hiyo ina historia ndani yake. Ukiuliza bustani za Eldoret zilitoka wapi, yale mazulia ya kijani ya mtaa wa Elgon View, uwanja wa gofu, viwanja vya shule na nyua za makanisa, utajibiwa kwamba ni urithi wa mzungu. Yeye ndiye aliyekuja na mashine ya kukata nyasi, na waridi, na desturi ya kuwa na eneo zuri mbele ya nyumba lisilolimwa wala kulishwa mifugo. Jibu hilo lina ukweli kiasi, nami nitalipa haki yake mbele. Lakini limekosea katika jambo la msingi. Zulia la Eldoret halikuletwa na mlowezi kutoka ng'ambo, na hakulitengeneza yeye. Lilitengenezwa na wanyama walao nyasi, likapanuliwa na watu waliochunga ng'ombe kwenye nyanda hizi kwa karne nyingi. Alichofanya mlowezi ni kulizungushia uzio, kuweka wembe wa mashine mahali pa meno, na kumfukuza ng'ombe aliyelilea.

Tuanze na simulizi inayojulikana. Katikati ya mwaka 1908 Makaburu yapata 250, wakiongozwa na van Rensburg, walishuka Mombasa kutoka meli ya Windhuk, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha magari yao ya maksai yakapasua msitu na tope la Timboroa mpaka wakatokea karibu na jabali la Sergoit mwezi Oktoba. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye shamba lililoandikishwa kwa namba 64, na jina la Sisibo lililotokana na namba hiyo halijafa hadi leo. Mwaka 1912 serikali ikaupa mji jina la Eldoret. Reli ikaingia mwaka 1924. Baada ya hapo klabu, hoteli na nyumba za mabati zenye veranda pana zikafuatana, kila moja na bustani yake, na kilimo cha maua kikawa shughuli ya dhati miongoni mwa walowezi. Mwaka 1934 daktari Arthur Jex-Blake alihariri kitabu kizima cha mwongozo wa bustani za Afrika Mashariki. Ukiisoma historia kwa mpangilio huo, ni rahisi kuamini kwamba kila kilichomo bustanini kilishuka kutoka kwenye yale magari ya maksai, au kwenye mabehewa ya treni yaliyofuata.

Kwa waridi na mikaratusi hiyo ni kweli. Kwa nyasi si kweli. Uwanja wa nyasi wa Kiingereza, ule ulioanza kusambaa katika nyumba za watu wa kati baada ya Edwin Budding kupata hataza ya mashine yake ya kukatia nyasi mwaka 1830, ulipandwa nyasi za Ulaya zilizozoea mvua nyepesi ya mwaka mzima. Uasin Gishu, uwanda ambao Eldoret imesimama juu yake, si nchi ya namna hiyo. Mji uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, jua ni kali kila mwezi wa mwaka, mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, kisha Desemba hadi Februari ardhi hupasuka. Chini ya udongo kuna lava ya kale iitwayo fonolaiti, na mahali pengi lava hiyo haiko mbali: murram nyekundu hukutana na jembe mapema, na mawe huchomoza bustanini bila kualikwa. Nyasi laini za Ulaya huteseka hapa kila kiangazi. Aliyetaka zulia la kudumu juu ya ardhi ya mawe na jua la namna hiyo ilibidi aokote mmea wa huku huku.

Mmea huo ulikuwepo. Mtaalamu wa mimea wa Kiitalia, Emilio Chiovenda, aliuingiza katika vitabu vya sayansi mwaka 1903 kwa jina la Pennisetum clandestinum (tangu 2010 wataalamu wameuhamishia katika jenasi ya Cenchrus), na makao yake ya asili ni nyanda za juu kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Uganda, hadi Rwanda, Burundi, kaskazini mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo. Kuitwa nyasi za Kikuyu ni ajali ya mahali wazungu walipozizoea kwanza. Wakalenjin, Wamaasai, Waoromo na wengine wengi wana majina yao, na hakuna jamii moja inayoweza kudai kwamba ni zake. D. C. Edwards, aliyechora ramani ya uoto wa Kenya na kuichapisha mwaka 1940, alizitengea ukanda wao wenyewe: nchi ya mvua nyingi na baridi kiasi, pembezoni mwa misitu ya milimani, kati ya mita 1,950 na 2,700 hivi. Kwa mtu wa Eldoret hiyo ni Kaptagat, ni Ainabkoi na Timboroa, ni mabega ya Cherang'any na kingo za misitu ya Nandi. Miaka mitatu kabla ya ramani hiyo Edwards alikuwa ameeleza aina tatu za nyasi hizi zilizotofautiana kwa upana wa majani na namna ya kukua, akaziita kwa majina ya mahali: Kabete, Molo na Rongai. Mmea usio na historia ndefu mahali hauwi na aina zake kwa kila kilima.

Sasa tazama mmea huu umejengwaje, maana ushahidi mkubwa uko hapo. Shina lake hulala chini na kutambaa, likishusha mizizi kwenye kila kifundo, na lina mashina mengine yanayopita ndani ya udongo. Ukiukata kichwa haujali kitu, kwa sababu kichwa chake hakiko juu. Mbegu hukaa chini kiasi kwamba mnyama hawezi kuzila bila kula jani pamoja nazo, na akizila hupita tumboni mwake salama, zikaangukia ndani ya samadi na kuota humo humo. Mmea unapenda naitrojeni kupita kiasi. Kwenye udongo mchovu hugeuka manjano na kukonda. Na ukiacha kabisa kuulisha mifugo, au udongo ukichoka, katika nchi ya juu huvamiwa na mafungu magumu ya Eleusine jaegeri, yale majani ya manyatta ambayo ng'ombe hawayagusi ila wakiwa na njaa kali. Ukiyaweka mambo hayo pamoja, kuchanua baada ya kukatwa, mbegu zinazosafiri tumboni, mizizi inayodai mbolea, kushindwa pale mnyama anapoondoka, huna tena mmea wa bustani. Una mmea uliokua chini ya mdomo wa mnyama, na usioweza kuendelea vizuri bila mdomo huo au kitu kinachofanya kazi yake.

Msomaji makini atasema: mdomo, sawa, lakini kwa nini uwe wa ng'ombe? Nyati, tembo na paa walikuwepo misituni kabla mfugaji wa kwanza hajafika, na bado leo ukitembea katika nyanda wazi zilizo ndani ya misitu ya Aberdare au Mlima Elgon utazikuta nyasi fupi ambazo hakuna mchungaji aliyezipanda. Pingamizi hili ni la kweli na silikatai. Ndiyo maana nimesema zilitengenezwa na wanyama walao nyasi, na zikapanuliwa na wafugaji. Nyati huzishika nyasi hizi katika viwanja vidogo vilivyozungukwa na miti. Kuzitoa humo na kuzifanya nchi nzima ya malisho kulihitaji watu waliokata na kuchoma ukingo wa msitu, wakaleta mifugo mingi mahali pamoja, usiku kwa usiku, mwaka kwa mwaka.

Na watu hao walikuwepo. Uwanda wa Uasin Gishu na milima inayouzunguka umejaa mashimo ya mviringo ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. John Sutton, aliyeyachunguza na kuchapisha kitabu juu ya akiolojia ya nyanda za magharibi mwaka 1973, alionyesha kwamba hayakuwa nyumba bali mazizi: ng'ombe walilala ndani ya shimo, nyumba ikajengwa ubavuni, na kila asubuhi samadi na matope vilikokotwa nje kupitia mlango wa upande wa chini, mpaka vikawa kichuguu kando ya zizi. Utaratibu huo ulienea kuanzia yapata karne ya 12 hadi ya 18. Ni miaka 600 ya kukusanya rutuba ya eneo kubwa la malisho na kuirundika mahali padogo. Kwamba jambo kama hilo hubadilisha udongo kwa muda mrefu si dhana tu. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Fiona Marshall kilichapisha katika jarida la Nature matokeo kutoka makambi ya wafugaji wa kale kusini magharibi mwa Kenya, mengine yenye umri wa miaka 3,000, ambako udongo bado una rutuba kuliko nchi inayouzunguka, na nyasi zake bado huvuta wanyama. Zizi lililohamwa huendelea kulisha mifugo muda mrefu baada ya aliyelijenga kusahaulika jina.

Baada ya Wasirikwa uwanda ulikuwa wa Wamaasai wa Uasin Gishu, mpaka vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe vikawavunja katika karne ya 19. Msafiri Joseph Thomson alipoukatiza mwishoni mwa mwaka 1883 aliuona kama nchi iliyobaki bila watu, na picha hiyo ya nchi tupu ikashika. Kwa kuwa ilikuwa tupu, mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilifikiri kuwapa Wazayuni. Wajumbe watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, walipelekwa kuikagua, wakarudi na maoni yaliyotofautiana sana juu ya kile ambacho ardhi ile ingeweza kubeba, na Mkutano wa Saba wa Wazayuni ukaikataa mwaka 1905. Katika miaka hiyo hiyo Wanandi, ambao tayari walikuwa wakipeleka ng'ombe wao kuchunga kwenye uwanda, walikuwa wanapigana na Waingereza. Vita vyao vilivunjika Oktoba 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa, mifugo yao kwa maelfu ikanyakuliwa, nao wakasukumwa ndani ya hifadhi. Kwa hiyo nchi ambayo van Rensburg na watu wake waliikuta wazi miaka mitatu baadaye ilikuwa wazi kama uwanja wa soko ulivyo wazi usiku. Kila kitu juu yake kiliwekwa na watu ambao hawakuwepo wakati ule kukidai.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote. Nyasi zilizotawala katikati ya uwanda hazikuwa za Kikuyu. Zilikuwa Themeda triandra, zile ndefu zinazogeuka nyekundu zikikomaa, pamoja na jamaa zake wanaopenda moto. Eldoret yenyewe iko pembeni kavu kidogo ya ukanda wa Edwards. Je, hoja yote haiangukii hapo? Naona kinyume chake. Themeda hustawi mahali panapochomwa mara kwa mara na kulishwa kwa wepesi, yaani malisho ya mbali ambako ng'ombe hupita na kuondoka. Nyasi fupi zinazotambaa hukaa mahali ng'ombe wanapolala, wanaponywea maji, na kwenye ukingo wa msitu wenye unyevu. Zote mbili ni kazi ya uchungaji mmoja: ile ndefu ni ya safari, ile fupi ni ya nyumbani. Na kwa kuwa mji umesimama nje kidogo ya makao ya asili ya nyasi za Kikuyu, kuziweka hapa kulihitaji mtu azilete kutoka nchi ambayo kwa gari la maksai ni mwendo wa siku moja hivi, kisha azilishe. Chakula gani? Samadi. Juu ya murram, palipo na mawe, hakuna namna nyingine iliyokuwa rahisi kabla ya mbolea za viwandani. Bustani iliyomfungia ng'ombe lango iliendelea kula kutoka kwenye zizi lake.

Namna ya kuzipanda haijabadilika. Hazihitaji mbegu. Vipande vya shina hung'olewa, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, vikafukiwa nusu mvua za Aprili zikishashika, futi moja hivi kati ya kipande na kipande, juu ya samadi iliyooza. Aliye na haraka hupanda karibu zaidi. Miezi miwili ya kwanza kazi ni kung'oa magugu. Baada ya hapo nyasi hujifanyia zenyewe kazi hiyo, kwa kuwa hazimwachii mwingine nafasi. Palipo na jiwe, mashina hulipanda, hulipita mgongoni na kushuka upande wa pili yakitafuta udongo, na ndiyo sababu bustani za mawe za Eldoret mara nyingi huishia kuwa vilima vya kijani ambavyo mwenye nyumba amesahau kuna nini chini yake. Palipo na kivuli cha mkaratusi huishia kwenye mpaka wa kivuli, kama zimechorewa mstari. Na lazima zikatwe. Zikiachwa hujilundika zenyewe juu ya zenyewe, sakafu ya mashina makavu ikafanyika chini, na ukizikata baada ya hapo unabaki na kahawia tupu kwa wiki kadhaa.

Aliyezikata hakuwa mwenye nyumba. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, na mmoja wa waliokibeba alikuwa yule aliyeitwa boi wa shamba hata akiwa na wajukuu. Mara nyingi alitoka katika jamii ya wafugaji. Naye aliishi katikati ya mgongano ambao ndio kiini cha jambo hili. Mashamba ya walowezi yalitegemea maskwota, na skwota alikubali ujira mdogo kwa sababu aliruhusiwa kuchunga mifugo yake kwenye ardhi ya mwajiri. Miaka ya 1920 walowezi walianza kuipunguza mifugo hiyo kwa nguvu. Katika Bonde la Ufa walioathirika waliiita kampeni hiyo kifagio, na mwanahistoria Tabitha Kanogo ameieleza kwa kirefu katika kitabu chake juu ya maskwota. Sheria ya mwaka 1937 ikazipa halmashauri za wilaya za walowezi uwezo wa kuweka kikomo cha mifugo ya skwota, na kuongeza siku anazopaswa kufanya kazi kwa mwaka. Ng'ombe akaondolewa, siku zilizookolewa katika uchungaji zikageuzwa siku za kazi za mwajiri, na sehemu ya siku hizo ikaenda katika kufyeka nyasi zilizokuwa chakula chake. Sidhani kuna picha fupi zaidi ya uchumi wa mlowezi kuliko mchungaji aliyenyang'anywa ng'ombe akipewa fyekeo afanye kazi ya ng'ombe.

Nimeahidi kulipa haki jibu la kawaida. Mtu anaweza kusema kwamba nyasi ni jambo moja na bustani ni jambo lingine: ng'ombe alitengeneza mmea, lakini wazo la kuwa na ardhi ya kutazama tu, isiyoliwa na kiumbe yeyote, ni la Ulaya. Nakubali. Hata hivyo wazo jirani lilikuwepo. Kokwet ya Wakalenjin, baraza la majirani, ilikutana chini ya mti mahali panapojulikana, watu wakikaa juu ya nyasi zilizofupishwa na mifugo ya majirani hao hao. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, aliandika jinsi nyasi zilivyotumika katika mambo ya amani na baraka, na desturi ya namna hiyo ipo pia kwa Wamaasai. Mshindi wa riadha anaporudi uwanja wa ndege wa Eldoret huvikwa sinendet shingoni, mmea wa porini wala si waridi. Uwanja mfupi, wa kijani, wa watu wote, wenye heshima yake, haukusubiri reli. Kilichosubiri reli ni lango lenye kufuli.

Tofauti kati ya mmea na bustani ilionekana wazi zaidi nyasi hizi zilipovuka bahari. Zilifika Afrika Kusini mapema katika karne ya 20. Mwaka 1919 mbegu kutoka Kongo ya Wabelgiji zilifika Sydney. Katika miaka hiyo hiyo zikapandwa California kuzuia mmomonyoko. Otto Stapf wa bustani ya mimea ya Kew aliziandikia makala mwaka 1921, dalili kwamba tayari zilikuwa zinaulizwa kila upande. Wachezaji wa gofu wa klabu ya Riviera huko Los Angeles wanazijua vizuri, kwa sababu mpira ukizama ndani yake hautoki kwa upole. Lakini angalia mahali ziliposhukuriwa na mahali zilipolaaniwa. Kwenye malisho ya maziwa ya Australia, na nyanda za juu za Colombia kuzunguka Bogotá, ambako ng'ombe wapo, ni utajiri. Mahali pasipo na mifugo ni tauni: serikali ya Marekani imeziweka katika orodha yake ya magugu hatari. Mmea ni ule ule. Kinachotofautiana ni kama meno yamesafiri pamoja nao.

Nyumbani mambo ni hivyo hivyo. Baada ya uhuru mashamba makubwa ya Uasin Gishu yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, kisha yakagawanywa, na anayelima mahindi ya ekari mbili huziona nyasi za Kikuyu kama adui: ukizikata kwa jembe kila kipande huwa mmea, na palizi haiishi. Jirani yake mwenye ng'ombe watatu wa maziwa huzifunga kando ya uzio na kuzikata kwa siku za kiangazi. Wote wawili wako sawa, kila mmoja kwa hesabu yake. Ila mkulima wa mahindi anapodai kwamba ni majani ya mzungu yaliyotoroka bustanini, hapo amekosea, na kosa hilo lina gharama: humfanya adhani dawa ya kuua magugu ndiyo jibu pekee, wakati ambapo jirani yake amezigeuza chakula cha ng'ombe.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Jiji linapenda kabro. Nyua zilizokuwa za kijani zinafunikwa kwa matofali hayo ili magari yaegeshwe, na mvua ya Julai iliyokuwa ikinywewa na mizizi sasa huteremka barabarani kuelekea mto Sosiani. Mahali nyasi zinapobakishwa, wauza miche wa kando ya barabara wana jibu jipya: nyasi za Pemba, zenye jani pana na nene, zilizopanda kutoka pwani. Huzisifia kwa sababu moja kuu, kwamba hazihitaji kufyekwa kila mara, na kwa anayelipa kibarua hilo si jambo dogo. Katika baridi ya Eldoret hukua polepole, na wanunuzi hulalamika, lakini wananunua. Zikishinda, litakuwa zulia la kwanza la mji huu ambalo ng'ombe hakuhusika kulitengeneza, isipokuwa kwa lori la samadi linaloshushwa langoni siku ya kupanda, ambalo bado hakuna mwuza miche aliyethubutu kusema halihitajiki.